Uzi: Lexomil, Valium na ndugu zao: zinavyogeuza hali ya moyo, na namna ya kuzishusha

Farmasi_Kadutu (Bukavu)

Jambo bandugu. Maswali ya dawa za wasiwasi yanaingia humu vipande vipande: leo usingizi, kesho hasira, keshokutwa mtu kaacha ghafla na mikono inatetemeka. Tuyaweke yote hapa. Naanza na dawa zenyewe. Mambo ya moyo nawaachia wenye kazi yao.

Zote ni ukoo mmoja unaoitwa benzodiazepini. Mkubwa wao ni Librium, iliyoingia sokoni 1960 kutokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach wa kampuni ya Hoffmann-La Roche. Valium ikafuata 1963. Kwa kuwa ordonanse zetu (karatasi za muganga za kuandika dawa) zinafuata desturi ya Kifaransa, majina yanayosikika huku Kongo ni Lexomil (bromazepamu), Valium (diazepamu), Tranxène (klorazepati), Temesta (lorazepamu), Xanax (alprazolamu) na Rivotril (klonazepamu, ambayo hasa ni ya kifafa). Mtu akitolewa Xanax akapewa Valium, hajabadilishiwa dawa sana, amebadilishiwa saa za dawa kukaa mwilini.

Ubongo una breki yake, kemikali iitwayo GABA. Dawa hizi hazileti breki mpya, zinaifanya ile iliyopo ishike kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana ndani ya nusu saa hadi saa moja moyo unaacha kwenda mbio, misuli inalegea, mawazo yanapungua mwendo. Lakini ubongo si mjinga. Ukiona kila siku kuna mkono mwingine unaobana breki, unapunguza nguvu ya mguu wake. Baada ya wiki chache kidonge kilekile kinatuliza kidogo, na siku kisipokuwepo, gari linashuka mteremko bila breki kabisa.

Sasa saa. Alprazolamu inapungua nusu mwilini kwa kama saa 11. Lorazepamu ni saa 10 hadi 20, bromazepamu iko karibu na hapo. Diazepamu ni saa 20 hadi 50, na ini linaigeuza kuwa nordiazepamu, inayoweza kuchukua hata saa 100 kupungua nusu. Anayemeza Valium kila usiku, usiku wa kumi hana dawa ya usiku mmoja mwilini. Ana ya siku kadhaa iliyolundikana.

Na nguvu: diazepamu miligramu 10 inakaribiana na bromazepamu 5 hadi 6, lorazepamu 1, alprazolamu 0.5, klonazepamu 0.5. Watu wanaidharau Xanax kwa sababu namba yake ni ndogo. Kidonge cha miligramu 0.5 ni sawa na Valium mbili za 5.

Himbi_Saikolojia (Goma)

Aksanti Farmasi. Kwenye moyo kuna mambo manne ambayo familia huyachanganya, na kila moja lina dawa yake tofauti.

Kwanza ni ubapa. Wasiwasi umeondoka, lakini na furaha imeondoka nao. Mtu anakaa kwenye matanga halii, anakaa kwenye arusi hacheki. Jamaa wanasema amepoa, amekuwa mtu wa amani. Hapana. Breki haichagui gurudumu; inashika hofu, na inashika hamu pia.

Pili ni huzuni ya kweli. Dawa hizi si dawa za huzuni. Mtu mwenye dipresheni iliyojificha nyuma ya wasiwasi akipewa Lexomil peke yake, wasiwasi unapungua na dipresheni inabaki uwanjani bila mpinzani. Mawazo ya kujiua yakitajwa, hata kwa mzaha, dozi isipandishwe nyumbani na plakete za vidonge zisibaki kwenye meza ya kitanda chake. Atunze mtu mwingine, ampe ya siku moja moja, na aonekane na muganga siku hiyohiyo.

Tatu ni kinyume chake: badala ya kutulia, mtu anawaka. Maneno ya matusi, vurugu, machozi yasiyo na sababu, kununua vitu ovyo. Hutokea kwa wachache, zaidi kwa watoto, wazee, wenye hasira za asili na wanaochanganya na pombe. Hapo kuongeza dozi ni kumwagia moto petroli. Dawa hiyo haimfai, aliyeiandika aambiwe mapema. Ila nayo haikatwi siku moja kama ameshakaa nayo wiki kadhaa.

Nne ndiyo inayodanganya kuliko zote: wasiwasi wa kati ya dozi mbili. Anayemeza Xanax saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, ikifika saa kumi jioni anatokwa jasho, roho iko juu, kelele za watoto zinamkera. Anasema ugonjwa wangu umezidi. Mara nyingi si ugonjwa, ni dawa imeshuka.

Kuzitenganisha si uchawi. Chukua daftari, chora safu tatu: saa, nini kimemezwa na kiasi gani, moyo ukoje kutoka 0 (vibaya kabisa) hadi 10 (vizuri kabisa). Andika mara nne kwa siku, na mojawapo iwe kabla tu ya kumeza. Siku kumi zinatosha. Kama namba mbaya zinajipanga kwenye saa ya mwisho kabla ya dozi na zinapanda baada yake, unaangalia dawa inayoshuka. Kama ubaya uko alfajiri na unakaa mchana kutwa bila kujali dozi, fikiria dipresheni. Kama hakuna kibaya wala kizuri, yote ni 5, 5, 5, huo ndio ubapa.

Kijana_Bagira

Swali kwa wakubwa. Mtu anameza Lexomil nusu asubuhi, nusu usiku, miezi minane sasa. Anataka kuacha. Kile kijiti kina mikato, si anaondoa tu robo moja kila wiki amalize kwa mwezi?

Infirmie_Ibanda (Bukavu)

Mdogo wangu, hesabu hiyo ndiyo inayorudisha watu hospitali. Tuipige pamoja.

Lexomil ni kijiti cha miligramu 6 chenye mikato mitatu, kwa hiyo robo ni 1.5. Huyo yuko kwenye 6 kwa siku. Akitoa robo ya kwanza anabaki na 4.5: ameshusha asilimia 25. Robo ya pili, 4.5 kwenda 3, ni asilimia 33. Ya tatu, 3 kwenda 1.5, ni asilimia 50. Ya nne ni yote. Kipande ni kilekile, pigo linakuwa kubwa kila mara, na ubongo unahesabu kwa sehemu ya kilichobaki. Ndiyo maana watu husema nilishuka vizuri mpaka robo ya mwisho, hapo ikanishinda.

Kipimo kinachovumilika kwa aliyekaa miezi ni kushuka kama asilimia 5 hadi 10 kila wiki mbili hadi nne. Kwa dawa hii kuna njia mbili.

Moja ni kubaki kwenye Lexomil na kukata nusu ya robo, 0.75, kwa wembe mpya juu ya sahani kavu. Inawezekana, lakini vipande havilingani na vingine vinavunjika unga.

Ya pili, ambayo Profesa Heather Ashton aliitumia sana katika kliniki yake ya Newcastle, Uingereza, kati ya 1982 na 1994, ni kuhamia diazepamu kwanza. Miligramu 6 za bromazepamu zinakuwa kama 10 za diazepamu. Hauhamishi siku moja. Dozi ya usiku inaanza: Lexomil nusu ya usiku inatolewa, diazepamu 5 inaingia. Wiki nzima hivyo. Halafu ya asubuhi. Faida yake si nguvu, ni ule mkia mrefu aliousema Farmasi. Diazepamu ikikaa mwilini kwa siku nyingi, robo iliyokatwa kubwa jana na robo ndogo leo zinafidiana, mtu hasikii. Kwa Xanax angesikia jioni hiyohiyo.

Ukiwa na vidonge vya miligramu 2 pamoja na vya 5, shuka miligramu 1 kila wiki mbili: 10, halafu 9 (5+2+2), 8, 7 (5+2), 6, 5, hivyo hivyo hadi sifuri. Wiki 20, au zaidi, maana chini ya 5 kila ngazi inataka muda mrefu kidogo. Ukiwa na vya 5 tu, shuka kwa robo, yaani 1.25: 10, 8.75, 7.5, 6.25, 5, 3.75, 2.5, 1.25, sifuri. Ngazi nane, wiki tatu kila ngazi hadi 5, kisha wiki nne kila ngazi kwa sababu chini huko robo ni sehemu kubwa ya kilichobaki. Jumla karibu miezi saba. Najua ni mingi. Miezi minane ya kupanda haishuki kwa mwezi mmoja.

Ngazi ikiuma, unasimama palepale wiki mbili zaidi. Haurudi juu, isipokuwa umeona dalili za hatari. Na usisage kidonge kwenye maji ukadhani umepata dawa ya kupima kwa kijiko: diazepamu haiyeyuki kwenye maji, unga unazama chini, kijiko cha kwanza hakina kitu na cha mwisho kina vyote.

Haya yote yapangwe na anayekuandikia. Tunachofanya hapa ni kukupa lugha ya kuzungumza naye.

Mzee_Katuba (Lubumbashi)

Infirmie amesema vema lakini napinga kuhamia diazepamu kuwe sheria ya wote. Mama wa miaka 72, au mtu mwenye ini lililochoka kwa hepatiti B au lutuku (pombe kali), diazepamu inamlundikia. Wiki ya pili anayumba, anasahau jina la mjukuu, anaanguka usiku akienda chooni na nyonga inavunjika. Lorazepamu na oksazepamu (ndugu mwingine wa ukoo huu) haziachi kitu kingine chenye nguvu nyuma yake, na ini linazishughulikia kwa njia fupi. Kwa mzee, bora kushusha ileile aliyonayo, polepole zaidi, kuliko kumpa mkia mrefu.

Na kwa mzee, kusahau sahau na kuyumba visiandikwe haraka kuwa ni uzee. Angalieni plakete kwanza.

Infirmie_Ibanda (Bukavu)

Mzee, hapo umenikosoa na nakubali. Chini ya miaka 60 na ini zima, nasimama na diazepamu. Kwa wengine, neno lako.

Kijana_Bagira

Aksanti. Na dalili za hatari ulizosema ni zipi? Atajuaje ni kuacha na si ugonjwa wa zamani umerudi?

Himbi_Saikolojia (Goma)

Ugonjwa wa zamani ukirudi unarudi na sura yake ya zamani, taratibu, wiki baada ya wiki. Kuacha kunakuja na vitu ambavyo mtu hakuwa navyo: mwanga unaumiza macho, mlango ukibamizwa ni kama bunduki, ngozi inatambaa kama siafu, misuli ya shingo na taya inakaza, ladha ya chuma mdomoni, ndoto nzitonzito. Hizo ndoto zina sababu: dawa ilikuwa inabana usingizi wa ndoto na usingizi mzito, sasa unadai deni lake. Kwa dawa fupi huanza siku ya kwanza au ya pili. Kwa diazepamu inaweza kuchelewa hadi wiki, na hapo ndipo mtu hutangaza kwamba amefaulu kuacha bila shida, siku ya nne!

Hatari ni hizi: degedege, kuona au kusikia visivyokuwepo, kuchanganyikiwa siku na mahali, homa na kutetemeka mwili mzima. Hiyo si ya kuvumilia nyumbani wala ya kupeleka chumba cha maombi kwanza. Ni hospitali. Kwa ufuatiliaji wa baadaye kuna vituo vya afya ya akili: Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain. Wote wanajua kazi hii.

Farmasi_Kadutu (Bukavu)

Narudi kwenye kuchanganya, maana vifo viko hapo. Benzodiazepini peke yake, kwa mtu mzima mwenye afya, mara chache humaliza pumzi. Ikikutana na pombe, au tramadoli, au morfini, breki mbili zinabana kituo kimoja cha kupumua. Primus mbili na Rivotril moja, au kasiksi ya jioni na Lexomil ya usiku, mtu anakoroma vibaya, midomo inabadilika rangi, haamki hata ukimsugua mfupa wa kifua. Mlaze ubavu, usimnyweshe maziwa, mpeleke. Marekani tangu 2016 inalazimisha onyo la kuchanganya dawa hizi na jamii ya morfini liandikwe ndani ya fremu kwenye maelezo ya dawa. Tramadoli ina ubaya wa pili: yenyewe inaweza kuleta degedege, kwa hiyo anayekata benzodiazepini huku anameza tramadoli anacheza na kiberiti pande zote mbili.

Kisha dawa ambazo hakuna anayezishuku. Rifampisini ya kifua kikuu inachochea ini kuharibu diazepamu na alprazolamu haraka. Mgonjwa dozi yake haijabadilika, lakini wiki mbili baada ya kuanza tiba ya TB anatetemeka na halali. Ameachishwa bila kuachishwa. Miezi sita ikiisha na rifampisini ikasimama, ndani ya wiki kama mbili kipimo kilekile kinakuwa kikubwa mno. Kinyume chake, omeprazoli na flukonazoli zinapandisha diazepamu; eritromisini (antibiotiki) na ritonaviri (ya VVU) zinapandisha alprazolamu. Kwa hiyo ukienda kuchukua dawa ya tumbo au ya kuvu, taja na ile ya usingizi, hata kama unaona aibu. Hasa kama unaona aibu.

Na kahawa. Kahawa ya Kivu ni nzuri sana, sibishi, lakini vikombe vitatu vya mchana na kidonge cha usiku ni kubonyeza gesi na breki pamoja.

Chukudu_Ndosho (Goma)

Mumesahau moja. Dawa yenyewe iwe dawa. Ituri, kati ya mwisho wa 2014 na katikati ya 2015, watu takriban 1000 walipinda shingo, ulimi nje, macho juu. Vidonge vilivyoandikwa diazepamu vilikuwa na haloperidoli ndani, dawa ya magonjwa ya akili. Wengine walidhani ni meninjiti au mapepo.

Farmasi_Kadutu (Bukavu)

Njo vile, ndugu. Asante kwa kukumbusha. Tofauti ni rahisi kuiona: diazepamu inalegeza, haikazi. Kidonge cha "Valium" kikimfanya mtu taya likaze au shingo igeuke upande, usimpe kingine "kimtulize", maana ndicho kinachomfunga. Chukua plakete yenyewe uende nayo hospitali. Ina namba ya loti, na kuna dawa ya kufungua misuli hiyo. Usinunue vidonge vilivyomwagwa kwenye kikaratasi au chupa isiyo na lebo, hata vikiwa nusu bei.

Mama_Panzi

Na mtu aliyefiwa, au aliyesikia masasi usiku kucha? Si apewe kimoja alale?

Himbi_Saikolojia (Goma)

Mama, swali hili ni letu kabisa, na jibu linawaudhi wengi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013 kuhusu msongo, linasema benzodiazepini zisitolewe kwa waliofiwa, wala kwa watu wazima wenye dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza. Si ukatili. Mwezi huo ubongo unafanya kazi ya kupanga kilichotokea. Ukiulaza kila usiku, kazi inabaki mezani na kidonge kinakuwa desturi. Wengi wa wale walioanza "kimoja tu cha matanga" ndio wanaouliza baada ya mwaka.

Kinachofaa usiku huo ni watu kuwa karibu naye, asilale peke yake, ale hata kama ni uji, aamke saa ileile asubuhi. Hofu ikimpanda, pumzi ndefu ya kutoa: ingiza kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu sita, dakika tano. Inasikika kama mchezo, lakini kutoa hewa polepole kunapunguza mapigo ya moyo bila duka.

Infirmie_Ibanda (Bukavu)

Niongeze kwa wenye wasiwasi wa muda mrefu, si wa msiba. Dawa za kukaa nazo ni za ukoo mwingine: fluoksetini, setralini, au amitriptilini tunayoizoea. Zinachelewa wiki mbili hadi sita, na siku za mwanzo fluoksetini inaweza kuongeza wasiwasi kabla ya kuupunguza. Watu wengi hutupa dawa siku ya tano kwa sababu hakuna aliyewaambia. Hapo ndipo benzodiazepini ina nafasi yake halali, daraja la wiki mbili hadi nne mpaka nyingine ishike. Ufaransa kikomo cha ordonanse za wasiwasi ni wiki 12, na kushusha kumo ndani. Amitriptilini ikizidishwa inaua kwa kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo onyo la plakete alilotoa Himbi linarudi palepale. Propranololi inasaidia moyo unaodunda na mikono inayotetemeka mbele ya watu, ila mwenye pumu asiiguse.

Mjamzito asikate ghafla kwa hofu ya mtoto, na asiendelee bila kusema. Mtoto anaweza kuzaliwa mlegevu, hanyonyi vizuri, au akatetemeka siku za kwanza. Wakijua kabla, wanamwangalia.

Motari_Essence

Na pikipiki?

Infirmie_Ibanda (Bukavu)

Siku za kwanza na kila dozi inapopanda, hapana. Lexomil ya saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi bado zaidi ya nusu iko mwilini. Na ubaya ni kwamba mtu hajisikii amelewa. Anajisikia ametulia, huku mkono unachelewa kushika breki. Kwa teremko zetu hizi, kuchelewa nusu sekunde ni mita kadhaa.

Kijana_Bagira

La mwisho. Huyo mtu barabara zikifungwa, dawa ikakosekana katikati ya kushuka?

Farmasi_Kadutu (Bukavu)

Ndiyo maana anayeshuka asiwe na plakete moja tu. Akiba ya wiki mbili, kavu, mbali na watoto na mbali na macho. Ikikosekana ya aina yake, muganga anaweza kumpa ndugu yake kwa zile namba za juu: Lexomil haipo, diazepamu ipo, hesabu inajulikana. Kama akiba inakwisha na hakuna cha kubadilisha, ni bora kugawa kilichobaki kiwe kidogo kidogo kwa siku nyingi kuliko kumeza kamili siku nne halafu sifuri.

Na aandike siku kwa kalamu nyuma ya plakete, juu ya kila tundu: J3 usiku, J4 usiku. Dawa hizi zinafuta kumbukumbu ya saa zinazofuata kumeza, mtu anasahau kwamba amekwisha kumeza na anarudia. Tundu likiwa tupu, amemeza.

Kijana_Bagira

Kalamu ya bic inashika kwenye ile aluminiamu?

Farmasi_Kadutu (Bukavu)

Haishiki, inateleza. Bandika plasta ya kidonda nyuma, andika juu ya plasta.